Samaki wa Baba Mkwe

Lea, mke wa mdogo wangu Asukile, alitunza samaki wa baba yetu kwa zaidi ya mwaka bila kuwaona samaki wenyewe wala kumwona baba. Nikiwasimulia watu wa mbali hudhani natania. Sitanii. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamwoni baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, halitamki jina lake, na akimwona kwa mbali njiani huchepuka, hata kama pembeni ni miiba mitupu. Nilipokuwa msichana nilimwona mwanamke akiruka mtaro kumkwepa mkwewe. Mtungi ukamtoka kichwani ukavunjika vipande vipande, na watu wazima wakamsifu kwa adabu yake.

Mimi Damari sikuwa na ugomvi na mila hiyo. Mtu hagombani na mila mpaka imfikie mlangoni.

Baba yetu, Jailos, alirudi nyumbani mwaka wa hamsini na tano akitokea Mufindi, alikofanya kazi miaka mingi nyumbani kwa mzungu wa shamba la chai. Mzungu huyo alikuwa na tangi la vioo sebuleni, refu kuliko kitanda, lenye kingo za chuma na sakafu ya jiwe, na ndani yake samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, wa bluu wenye milia myeusi. Baba ndiye aliyemletea samaki wale kutoka Matema, ndani ya madebe. Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, aliwagawia watumishi wake vitu. Mmoja alipata koti, mwingine viatu. Baba yetu akachagua tangi.

Asukile alikuwa utingo kwenye lori la mbao, Mafinga na Mbeya, Mbeya na Mafinga. Walilizungushia tangi maranda kutoka kiwanda cha mbao na kulileta mpaka Ilomba kwa mwendo wa bibi harusi, baba akiwa amekaa juu ya mbao na debe la samaki mapajani. Dereva aliapa hatabeba tena mzigo ambao mwenyewe anauimbia nyimbo za kanisani njia nzima.

Mama yetu alikuwa ameshafariki. Asukile akamjengea baba chumba kimoja cha matofali mabichi nyuma ya migomba, mlango ukiangalia mlimani na mgongo wa chumba ukielekea nyumba yetu, ili Lea aweze kuzunguka uani bila kukutana naye. Mimi nilikuwa naishi hapohapo kwa mdogo wangu, kwa sababu mume wangu alikwenda kwenye machimbo ya Johannesburg, akawa anatuma salamu zaidi kuliko anavyokuja mwenyewe. Kwa hiyo nikawa daraja. Lea anapika, mimi napeleka. Baba anataka jambo, mimi nasema. Siku nyingine wote wawili walikuwa pande mbili za ukuta mmoja, wanasikiana vizuri kabisa, na bado ilibidi nizunguke chumba kwenda kurudia maneno.

"Mwambie leo viazi vimeiva vizuri," baba anasema.

Nazunguka. "Wifi, baba anasema leo viazi vimeiva vizuri."

"Mwambie nashukuru," anasema Lea, ambaye alishasikia na alishaanza kutabasamu kabla sijafika.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Samaki wakifungiwa ndani ya tangi hunya na kula mahali pamoja, na maji yao huchafuka upesi kama ya kuoshea vyombo. Lazima uyapunguze kila siku na kuongeza mapya, kidogo kidogo, maana maji ya mlimani ni baridi, na ukiyamwaga kwa mkupuo samaki wanalala ubavu. Baba alikuwa na taa ya mafuta chini ya lile jiwe la sakafu ili wasigande. Lea alichota kwenye mfereji, akabeba ndoo kichwani mpaka nyuma ya chumba cha baba, akaitua na kuondoka. Mimi naiingiza ndani, namimina kwa kibuyu, polepole, mpaka mkono unakufa ganzi. "Baba," nilimwambia siku moja, "wanangu nimewalea wakakua. Sitalea na samaki." Akacheka tu.

Halafu ikaja asubuhi ile ya ukungu. Lea alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alishapoteza moja mwaka wa kwanza wa ndoa yake, na hii ya pili alikuwa akiibeba kama mtu aliyebeba yai. Alikuwa anatoka mfereji na ndoo kichwani, na baba alikuwa anatoka msituni na kuni, na ule ukungu ulikuwa mzito hata hakuna aliyemwona mwenzake mpaka walipokaribia sana. Lea akageuka. Aliruka pembeni, mtaro ukamchukua, akaanguka na ndoo yake. Baba naye alikimbia upande wake, uso ameuficha kwa mkono. Angemwinua. Kati yao hazikufika hata hatua kumi. Lakini hakuruhusiwa, akaja mbio kuniita mimi.

Mimba ikatoka siku ileile.

Majirani wakapata la kusema. Walisema Lea amemwona baba mkwe, ndiyo maana mtoto hakukaa. Nilimwambia Matilda, jirani yetu, mbele ya watu kwamba mtoto hakutoka kwa macho bali kwa mtaro, na kama hajui tofauti ya macho na mtaro aje nimsukume ajifunze. Watu walinyamaza mbele yangu. Nyuma yangu waliendelea.

Lakini yule aliyeamini kuliko wote alikuwa baba. Alikataa chakula. Niliweka sahani na kuiondoa kama nilivyoiweka. Tangu hapo hakutoka nje bila kukohoa kwanza kwa nguvu, na kila alipokuwa chumbani alisukuma komeo la mlango, asije Lea akapotea njia akaingia.

"Ndoo zile ndizo zilizomleta njiani kwangu," aliniambia. "Hatabeba tena."

Akaanza kupiga nyundo. Kule Mufindi walikuwa wameunganisha tangi na bomba la mlimani, naye alikuwa ameshika spana siku ile, akaona kila kitu. Hapa hakuwa na bomba la mlimani ila alikuwa na mfereji. Akapasua mianzi, akaiunganisha, akavuta maji kutoka mferejini mpaka kwenye pipa alilolipandisha juu ya mawe nyuma ya chumba chake. Pipa akalipaka lami nyeusi ili linywe jua na kupunguza baridi ya maji. Ndani yake akaweka boya la shaba alilolitoa kwenye choo cha mzungu. Pipa likijaa, boya linapanda na kuziba mdomo, maji yanarudi mferejini. Likipungua, boya linashuka, maji yanaingia. Nilimwuliza kama samaki wanajua kwamba wanakunywa kutoka chooni. Akasema boya lilioshwa.

Kutoka kwenye pipa, bomba jembamba lilipita ukutani likaingia kwenye tangi, na koki yake ilikuwa upande wa baba. Aliifungua kidogo sana, tone juu ya tone, mchana kutwa na usiku kucha. Upande wa pili wa tangi, juu karibu na ukingo, akaweka bomba jingine la kutolea. Tone likiingia huku, tone linatoka kule, na maji machafu yalipita ukutani yakaenda kwenye bustani ya Lea. Baba akakaa juu ya kigoda akisikiliza. Alikuwa na tabia hiyo, akisikiliza kitu anauvuta mdomo wa chini ndani na kukunja uso upande mmoja tu, wa kushoto. Alikaa hivyo mpaka jua likashuka.

"Sasa," akasema, "mwambie apumzike."

Lea hakupumzika. Alipanda figiri na maboga pale maji yalipotokea, na kwa mbolea ile ya samaki majani yalikuwa mapana kama sahani. Akajipa pia kazi ya chujio, kitambaa cha kaniki mdomoni mwa mwanzi, ambacho kilizuia majani na tope. Kila asubuhi alikifua. Kikiziba katikati ya siku na matone yakapungua, baba aligonga bomba kwa msumari, ngo ngo, naye Lea anaenda kusafisha. Akimaliza anagonga mara moja, ngo. Basi.

Siku hazikwenda nyingi nikaanza kusikia ngo ngo wakati chujio ni safi. Asubuhi na mapema, ngo ngo. Na kutoka nyuma, ngo. Walikuwa wanaamkiana. Nilikwenda kwa mwinjilisti Sedekia kumwuliza kama kugonga bomba ni kusema na mkwe. Alifikiri muda mrefu, akasema Biblia haijataja bomba. Nikaona kama haijakataza, mimi ni nani.

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ilipokuwa inageuza umande kuwa barafu nyeupe juu ya majani, niliingia kwa baba nikamkuta ametia kidole chini ya tone.

"Maji ya leo yamepita mkononi mwa mtu," akasema.

Nikaenda kuangalia. Lea alikuwa amesimama juu ya jiwe, anamimina sufuria ya maji moto ndani ya pipa, kidogo kidogo, na kukoroga kwa kijiti. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa anafanya hivyo kila alfajiri, kabla hajachemsha uji wetu. Baba alinipa ujumbe nimpelekee, akauanza, akashindwa kuumaliza. Akasema tu, "Mwambie ndaga." Ndaga kwetu ni asante. Nikazunguka chumba nikasema ndaga, na Lea akajifuta pua kwa ncha ya kanga.

Nilichogundua ni kwamba walikuwa wanapendana kama baba na binti, kuliko baba alivyonipenda mimi, na wala sikuona wivu. Uongo. Niliona wivu kidogo.

Baridi hiyo haijaisha, Lea akapata mimba ya tatu. Hakuitangaza. Baba alijua kwa sababu kugonga kwa Lea kulibadilika. Jibu lilikuwa linachelewa, maana alikuwa anatoka nyumbani taratibu zaidi, akasema, na tangu hapo alinitesa kwa maswali. Amekula? Amelala? Mtaro ule Asukile ameshaufukia? Ameufukia, baba. Wote? Wote.

Naye Lea alinitesa kwa swali lake.

"Wifi, hivi samaki wenyewe wako vipi?"

"Ni samaki tu. Wa bluu."

"Bluu ipi?"

Mimi si mtu wa kueleza rangi. Nilimwambia bluu kama sare ya shule. Akaangalia pipa kwa muda, akasema, "Nawanywesha kila siku na sijui hata ukubwa wao."

Nilimpelekea baba maneno hayo kwa utani, na tangu siku ile hakutulia. Kulikuwa na samaki mmoja jike ambaye alikuwa hali. Mdomo wake umevimba, ameufunga kabisa. Baba aliniita nichungulie. Akanieleza kwamba samaki hao hutunza mayai mdomoni, na watoto wakiangua hukaa humohumo, na mama hali kitu mpaka siku ya kuwatema. Ukiwatisha, watoto wote hukimbilia mdomoni mwake, naye anafunga.

"Nataka huyu mtoto aone," akasema. Mtoto alikuwa ni Lea. "Aone mama anavyotema watoto wazima."

Akanionyesha mpango wake. Angetoboa ukuta wa nyuma, ule unaoelekea nyumba yetu, na kulisogeza tangi mpaka kwenye tundu, kioo kikae mahali pa tofali. Kwa ndani, nyuma ya tangi, angetundika blanketi. Lea angesimama nje awatazame samaki apendavyo, na asimwone mzee hata kucha. Alikuwa ameshatoboa. Kwa nje alikuwa ametundika gunia, na Lea alidhani ni ukarabati wa bomba. Nikakatazwa kumwambia.

"Msubiri Asukile arudi na wenzake," nikamwambia. "Tangi hilo ni la wanaume wanne."

"Asukile yuko Mafinga mpaka Jumamosi. Samaki hatasubiri Jumamosi."

"Haraka haraka haina baraka, baba."

"Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako," akasema, akanicheka. Nilijua nimeshindwa, lakini nilidhani ni kwa maneno tu. Nikajitwika figiri nikaenda sokoni mjini.

Yaliyofuata nayajua kwa Lea. Alikuwa bustanini alipoona maji yanatoka kwenye bomba kwa nguvu, mengi, si matone. Akajua baba anapunguza tangi. Wingu likafunga mlima na mvua ikashuka, ile ya mwezi wa tatu ambayo ikipiga bati huwezi kumsikia mtu aliye karibu nawe. Akajibanza chini ya upenu wa chumba cha baba, upande wa nyuma. Sikio lake likiwa ukutani, akasikia magogo ya kusogezea tangi yanabiringika juu ya sakafu. Kisha kioo kikapasuka. Kisha kitu kizito kikaanguka, na maji yakatoka chini ya ukuta kumlowesha miguu, na hayakuwa meupe.

Alikwenda kwenye bomba akagonga. Ngo ngo. Yeye ndiye aliyeanza safari hii.

Akagonga tena. Bomba likatikisika kiganjani mwake, kwa udhaifu, mara moja. Ngo.

Lea akazunguka mbio kwenye mlango, na ile mimba yake ya kukaribia kujifungua. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Akapaaza sauti yake kwa baba mkwe wake kwa mara ya kwanza maishani. "Baba! Fungua!"

"Usiingie, mwanangu," baba akasema kutoka ndani, naye akamsikia kwenye ufa wa mlango.

"Nilete shoka, baba?"

"Usilete shoka. Umebeba mtoto. Usinione."

Alipiga yowe. Mvua ikalimeza. Mvua ile sijaisamehe mpaka leo, na mwinjilisti akinihubiria kwamba mvua ni baraka huwa namwangalia tu. Lea akarudi nyuma, kwenye lile gunia. Alijua sasa kwamba pana tundu. Akafumba macho. Alisema alifumba kabla ya kuliondoa gunia, si baada, na kila anaporudia habari hii husisitiza hapo. Akaingiza mkono.

"Uko wapi, baba?"

Baba alikuwa ameketi chini ya tundu lile, mgongo ukutani, chuma cha tangi kimembana miguu na kioo kimempasua paja. Akamshika mkono. Akauongoza mpaka pale damu ilipokuwa inatoka. Lea akavua kanga ya kichwani, akaipitisha ukutani, akaikunja palepale kwa kupapasa na kukandamiza kwa nguvu zake zote, shavu lake juu ya tofali, tumbo limebanwa na ukuta. Alipojaribu kuachia akimbilie watu, joto la damu likaja kwa kasi. Hakuachia tena. Aliendelea kupiga yowe na kukandamiza.

Baba alisema naye. Maneno hayakuwa mengi. Alisema, "Nilitaka uwaone." Baadaye akasema ndaga. Kisha hakusema, ila mkono wake ulibaki juu ya mkono wa Lea.

Mimi nilingoja mvua ipungue chini ya paa la soko, nikiongea upuuzi na wenzangu. Niliporudi nilimkuta Lea amesimama vile, amelowa mpaka mifupa, macho yamefumbwa, mkono mzima umeingia ukutani hadi begani.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Usinishike," akasema. "Nikiachia atatoka damu."

Nilichukua shoka nikavunja mlango. Sitaeleza yote niliyoyakuta. Maji, vioo, blanketi jeusi limetundikwa vizuri mahali pake. Baba ameketi ukutani, uso wake mtulivu, na kutoka kwenye tundu juu ya bega lake mkono wa Lea umeshuka na kukandamiza kanga pajani mwake. Vidole vilikuwa vyeupe kwa kukaza. Nikamgusa baba shingoni. Alikuwa amepoa. Alikuwa amepoa kitambo.

"Wifi," nikasema kupitia tundu, "achia sasa."

"Bado."

"Lea, achia."

"Bado, wifi. Mwite Asukile kwanza."

Nilijaribu kuvitoa vidole kimoja kimoja, vikarudi. Ningemwambiaje? Mwanamke amesimama kwenye mvua na mtoto tumboni. Basi nikafanya kazi niliyoifanya siku zote katika nyumba ile.

"Baba anasema uachie," nikasema.

"Anasema?"

"Anasema uachie, mwanangu. Anasema ndaga."

Vidole vikalegea. Mkono ukarudi ukutani polepole, ukatoka, na mwanga ukaingia mahali ulipokuwa. Juu ya kichwa changu ile koki ilikuwa bado inadondosha, tone juu ya tone, kwenye sakafu tupu. Nikaifunga.

Kwenye kona ya tangi palibaki maji ya kina cha kiganja, na samaki wachache walikuwa wanajigaragaza humo. Yule jike alikuwemo, mdomo umefungwa. Niliwakusanya kwenye beseni nikaenda nao jikoni, ambako Lea alikuwa ameketi mbele ya moto anatetemeka. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Naona ni kwa sababu baba aliwaandaa kwa ajili yake, na mzigo wa mtu huufikishi nusu njia. Nikaweka beseni miguuni pake. Samaki jike akazunguka mara moja, akafungua mdomo, na watoto wakatoka, wadogo kama mbegu za mchicha, wakatawanyika.

Lea aliwatazama. "Kumbe ni wadogo hivi," akasema. Ndipo akalia.

Watu walikuja na methali yao ya kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Nilitamani kuwafukuza wote. Asukile alifika na lori la mbao, na mbao zilezile zikatengeneza jeneza. Kabla halijafungwa nilimwendea Lea kwenye chumba walichomfungia asije akamwona marehemu, nikamwambia wazee wako nje wanakula, njoo umwone baba yako, nitasimama mlangoni, na atakayesema neno nitamjibu mimi. Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuweza kupigana na ukoo mzima.

Alitikisa kichwa.

"Alifunga komeo mwenyewe, wifi. Kwa ajili ya huyu." Akaweka mkono tumboni. "Nikimwona leo, atakuwa amekufa kwa nini?"

Kisha akaniangalia na kusema taratibu, "Nilijua wewe ndiye uliyesema. Yeye ndaga yake alikuwa ameshanipa mwenyewe." Tukazika.

Mtoto alizaliwa mzima, wa kiume. Asukile akampa jina la baba, kama ilivyo desturi, na kwa hiyo mama yake hawezi kulitamka. Anamwita Baba tu. Samaki Lea aliwaweka kwenye pipa, akawapashia maji kila alfajiri akiwa na mtoto mgongoni, lakini pipa si tangi, na baridi ya mwezi wa sita iliwachukua, wakubwa kwanza, wadogo baadaye. Wa mwisho alimzika kwenye figiri. Sikumcheka.

Jioni moja mvua za kwanza zilikuwa zimekatika, na upenu ulikuwa unadondosha kwenye ndoo, tone, tone. Lea alikuwa ananyonyesha. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Wifi, uso wake ulikuwaje?"

Mimi niliyebeba maneno yao yote, kutoka upande huu kwenda upande ule, nilianza kuutafuta uso huo kipande kwa kipande. Nitasema nini? Paji la uso? Ndevu? Kila mzee ana ndevu. Mtoto akaacha ziwa. Alikuwa amesikia matone. Akageuza kichwa upande wa ndoo, akauvuta mdomo wa chini ndani, akakunja uso upande mmoja tu, wa kushoto, na kusikiliza.

Nilimwonyesha kwa kidole.

"Lea," nikasema, "huyo hapo. Ndiye huyo. Alikuwa hivyohivyo."

Lea akamwangalia mtoto, akashtuka, akavuta kanga kwa haraka na kujifunika uso wote, kama anavyofanya mke mwenye adabu akikutana na mkwe wake njiani. Alikaa hivyo, mabega yanatikisika, na mtoto mapajani anasikiliza maji. Sikumgusa. Kisha, kidogo kidogo, kama baba alivyokuwa akifungua koki yake, akaishusha kanga, akamtazama.